Kabla hujainua gongo, chagua auti usiyoitaka

Swali nimelifupisha kidogo. Linasema hivi: "Shikamoo kocha. Nacheza softiboli ya mpira wa polepole, napiga namba tano na natumia mkono wa kulia. Mazoezini mipira yangu inafika mbali, ila mechi mbili zilizopita zimenivunja moyo. Ya kwanza tulikuwa nyuma kwa pointi moja, awamu ya saba, auti moja (mwenzetu mmoja ameshatolewa, na zikifika tatu zamu yetu inaisha), wenzangu wako besi ya kwanza na ya tatu. Nikapiga chini, shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) akauokota, auti mbili kwa mpigo, mechi ikaisha. Wiki iliyofuata, auti moja tena, mkimbiaji yuko besi ya tatu peke yake. Nikasema leo sipigi chini ng'o. Nikaupaisha, mlinzi wa besi ya pili akasogea hatua mbili na kuudaka. Kocha wetu kila mara anasema nipige kulingana na hali ya mchezo, lakini hasemi hali ipi inataka nini. Nibadilishe mpigo wangu? Na je, gongo zito zaidi litanisaidia?"

Marahaba, dada. Kocha wako hajakosea, ila amekupa agizo bila maelezo, na agizo la namna hiyo likimfikia mpigaji aliye tayari amesimama kwenye boksi la kupigia linamchanganya tu. Mpigo wako usiuguse. Mtu anayefikisha mpira mbali mazoezini ana mpigo unaofanya kazi. Kinachobadilika kutoka hali moja hadi nyingine ni mpira unaokubali kuupiga, mahali unapoulenga, na zaidi ya yote, aina ya kosa unaloweza kulivumilia. Kukosea utakosea tu, hata wapigaji wakali hutolewa mara nyingi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ukiwa bado unasubiri zamu yako ni hili: auti ipi itatuumiza kuliko zote hapa? Ukishaijua, unapanga ili hata ukikosea, ukosee upande wa pili wake.

Nasema ukiwa bado unasubiri kwa sababu mchezo huu una mtego ambao besiboli haina. Mrushaji yuko futi 50 kutoka nyumbani, yaani kwenye bamba unaposimama kupiga; hiyo ni mita 15 na kidogo. Kanuni za USA Softball, chama cha softiboli cha Marekani, zinautaka mpira upae angalau futi 6 kutoka ardhini na usizidi futi 10. Piga hesabu ya kawaida ya kitu kinachorushwa na kuanguka: mpira unaogusa karibu futi 10 hukaa hewani kama sekunde 1.3, na ule wa futi 6 hukaa chini kidogo ya sekunde moja. Huo ni muda mrefu. Unatosha kuamua, kughairi, kuamua upya na kumsikia shabiki mmoja anayepiga kelele jina lako. Wapigaji wengi ninaowafundisha hawashindwi na kasi, maana kasi yenyewe haipo. Wanashindwa kwa sababu mpira ukiwa juu wanaanza kufikiri. Uamuzi wote uishe kabla mrushaji hajanyanyua mkono. Mpira ukiwa hewani libaki swali moja tu: ndio wangu, au siyo?

Kanuni nazo zinaongeza uzito kwenye gongo lako. Katika softiboli ya polepole hakuna kugusa mpira kwa upole ili udondoke karibu na kumsogeza mwenzako. Ukijaribu, wewe ni auti. Mkimbiaji naye haruhusiwi kutoka mapema wakati mrushaji anajiandaa. Katika besiboli kocha anaweza kumtuma mkimbiaji akimbie mapema ili kuvunja auti mbili. Hapa, katika ligi nyingi, mwenzako aliye besi ya kwanza anakaa amegusa besi mpaka mpira upigwe au uvuke bamba la nyumbani. Ndiyo maana mpira wa chini wenye kasi, unaokwenda moja kwa moja kwa shotistopu, ni sumu kali kwetu kuliko kwa binamu zetu wa besiboli. Mkimbiaji ameanza safari pamoja na wewe.

Turudi kwenye mechi yako ya kwanza. Besi ya kwanza na ya tatu zina watu, auti moja, mko nyuma kwa pointi moja. Auti mbaya kuliko zote ni ile iliyokupata: mpira wa chini upande wa kushoto, kwa shotistopu au kwa mlinzi wa besi ya tatu. Ukitolewa besi ya kwanza ikawa auti ya tatu, pointi ya aliyetoka besi ya tatu haihesabiwi hata kama ameshagusa nyumbani. Ya pili kwa ubaya ni mpira wa juu unaodakwa ndani. Auti inayovumilika, tena nzuri, ni mpira wa juu unaofika kwa walinzi wa nje: wewe umejitoa mhanga, mwenzako anasubiri udakwe, anakimbia, mchezo unakuwa sare.

Hapo mpango unajitengeneza wenyewe. Mpira unaodondoka chini magotini, hasa ule ulionyooka kidogo usiopanda sana, hauutaki. Mrushaji mwenye akili anajua ana mkimbiaji besi ya kwanza, na huo ndio atakaokupa kwanza, kwa sababu gongo huelekea kuugusa nusu ya juu na kuubamiza chini. Uache. Hata ukiitwa straiki (mpira halali uliouacha, na zikifika tatu umetoka), uache, ilimradi bado una straiki ya akiba. Ngoja ule wa usawa wa kiuno hadi kifua. Kisha uache ukufikie vizuri, uukute karibu na nyonga yako ya nyuma badala ya kuukimbilia mbele. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, mpira unaokutwa mbele sana huelekea kushoto, na unaosubiriwa huelekea kulia. Kulia ndiko tunakotaka. Ukipita, mwenzako wa besi ya kwanza ana nafasi nzuri ya kufika ya tatu, kwa kuwa kutoka uwanja wa kulia hadi besi ya tatu ndiyo rusha ndefu. Na ukikosea ukaenda chini, mlinzi anayeukimbilia kuelekea besi ya kwanza inabidi ageuze mwili mzima ili arushe besi ya pili. Anaweza kuwahi, sikatai, lakini hiyo auti mbili ataitolea jasho.

Mechi yako ya pili ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu ulijifunza, ila ulijifunza somo la hali nyingine. Mkimbiaji alikuwa besi ya tatu peke yake. Auti mbili kwa mpigo kwa njia ya kawaida haikuwepo tena. Hapo mpira wa chini si adui, na mara nyingine ni rafiki. Adui ni mmoja tu, ule mpira mwepesi wa juu unaomwangukia mlinzi wa ndani, kwa sababu mwenzako hawezi kusogea hata hatua. Ulikimbia hatari ambayo haikuwepo ukaingia kwenye ile iliyokuwepo.

Kabla ya kuingia kwenye boksi siku ile ungetazama jambo moja: walinzi wa ndani wamesimama wapi? Wakiwa nyuma, mahali pao pa kawaida, wanakubali kuipoteza pointi ili wakutoe wewe. Mpira wowote wa chini upande wa kulia unaweza kumrudisha mwenzako nyumbani. Wakiwa wamesogea mbele, wanataka kuukata mpira na kurusha nyumbani. Hapo mpira wa chini unaoelekea kwao haufai, lakini nyuma yao wameacha eneo kubwa wazi, na mkwaju mdogo unaovuka vichwa vyao unatosha. Huhitaji kuufikisha uzioni.

Mimi huwapa wapigaji wangu shabaha moja kwa hali hii, na naomba uichukue kama ilivyo: lenga sentimita chache juu ya kofia ya mlinzi wa besi ya pili. Ukipata sawasawa, umepita. Ukikosea kidogo chini, unakuwa mpira mkali wa chini. Ukikosea kidogo juu, unakwenda kwa walinzi wa nje. Anayejiambia "niupaishe" akikosea juu anaishia mikononi mwa mlinzi wa ndani, kama ulivyoishia wewe, kwa sababu mpira wetu tayari unakuja ukianguka. Ule uliopanda sana hufika nyumbani ukishuka kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Ukiongeza kuuchimba kwa chini, gongo linaukwangua tumboni na unapanda wima kama moshi. Mrushaji anajua hilo pia. Mkimbiaji akiwa besi ya tatu, tarajia mpira mrefu, wa juu, unaodondokea nyuma ya bamba, kwa sababu anatafuta huo huo mpira wa wima. Sogea nyuma kidogo kwenye boksi ili uukute ukiwa umeshuka usawa wako, au uache upite. Ukisimama mbele sana utaukuta uko mabegani.

Sasa idadi ya auti. Zikiwa mbili, karibu yote niliyosema yanageuka. Kujitoa mhanga hakupo tena, mpira wowote wa juu unaodakwa umemaliza zamu, na wakimbiaji wote wanaondoka gongo linapogusa mpira. Kwa hiyo mkimbiaji wa besi ya pili ana nafasi kubwa ya kufika nyumbani kwa mpira mmoja tu unaopenya. Hapa ninapenda mpira mkali wa chini au mkwaju ulionyooka, na kama una miguu, ule wa kushoto, kati ya shotistopu na besi ya tatu. Rusha ya kutoka kule hadi besi ya kwanza ni ndefu, nawe una futi 65 au 70 tu za kukimbia, kutegemea ligi yenu. Mpira uleule uliokuwa sumu ukiwa na auti moja, sasa ni dawa.

Straiki nazo zina mpango wake. Katika ligi nyingi za mchezo huu, ukiwa na straiki mbili ukapiga faulo, yaani nje ya mistari, umetoka, au unapewa faulo moja ya hisani kisha umetoka. Tena ligi nyingi huanza hesabu ikiwa mpira mbovu mmoja na straiki moja, ili mechi ziende haraka. Uliza ligi yenu inafanyaje, maana kuna waliocheza miaka mitano na bado hawajui. Maana yake ni kwamba straiki ya pili inakuja upesi, na ikishakuja, kulenga kando ya mstari ni kamari mbaya: kosa dogo linageuka faulo, faulo inageuka auti. Kwa hiyo kuwa mchaguzi kwenye straiki ya kwanza, ukatae hata mpira mzuri usiofaa hali yako. Straiki ya pili ikifika, sahau kulia na kushoto, lenga katikati ya uwanja, juu ya kichwa cha mrushaji. Kosa la upande wowote bado litakuwa ndani ya mistari.

Ukitazama walinzi, mtafute wa kumi. Softiboli ya polepole ina walinzi kumi, mmoja zaidi ya besiboli, na timu huamua wenyewe wamweke wapi. Wengi humfanya mlinzi wa nje wa nne. Hapo mapengo ya nje yanakuwa membamba, lakini katikati, kupita besi ya pili, pako wazi. Wengine humsimamisha karibu na besi ya pili ili azibe katikati, na hapo nje wamebaki watatu wenye mianya mipana, hasa kati ya kushoto na katikati. Mtafute kila unapopanda kupiga, kwani huhama. Mimi humwambia mpigaji: ukishindwa kuniambia wa kumi yuko wapi, bado hujawa tayari kuingia.

Matokeo na awamu yana uzito pia, ingawa watu huyapa uzito kuliko yanavyostahili. Mkiwa nyuma kwa pointi sita, hakuna mpigo mmoja duniani unaoleta pointi sita. Hata besi zikiwa zimejaa, homurani, mpigo wa kuvuka uzio unaowarudisha wote nyumbani, ni pointi nne. Wakati huo mpigaji ana kazi ya kutokutoka tu: ukipewa besi ya bure ichukue kwa shukrani, ukipata mpira wa kupenya mdogo umefanya kazi kubwa. Nimeona timu zikijaribu kurudisha pointi zote kwa mipigo mitatu, na zote zinatoka kwa mipira mitatu ya juu, dakika nne hazijaisha. Anayefungua awamu ana kazi hiyo hiyo hata kama mnaongoza. Mkiwa sare awamu ya mwisho, besi ya pili ina mtu na hakuna auti, hapo nakubali mpira wa chini upande wa kulia unaomsogeza hadi ya tatu, hata ukikugharimu auti. Awamu ya pili ya mchezo, hapana. Katika mchezo ambao pointi ni nyingi hivi, sigawi auti bure, na makocha wanaopenda kufanya hivyo mapema wanaazima fikra za besiboli.

Kuna hali moja zaidi ambayo wapigaji wenye nguvu kama wewe husahau, na nina aibu nayo. Ligi nyingi huweka kikomo cha homurani kwa kila timu katika mechi. Mkishakifikia, mpira unaovuka uzio huwa auti, au huhesabiwa kama mpigo wa besi moja tu, kutegemea kanuni za mashindano. Nilipokuwa bado nacheza, niliwahi kuupiga mpira safi kuliko yote ya msimu ule, ukavuka uzio, nikazunguka besi mbili nimenyanyua mikono kabla sijagundua kwamba hakuna mwenzangu anayeshangilia. Kikomo chetu kilikuwa kimeisha awamu iliyotangulia. Nikatembea hadi benchi, na safari ile ilikuwa ndefu. Tangu hapo namuuliza mwandika alama kila ninapopanda: zimebaki ngapi? Zikiwa hazijabaki, auti mbaya kuliko zote iko nyuma ya uzio, na ile shabaha ya juu ya kofia ya mlinzi inarudi kazini.

Jinsi ya kulifanyia mazoezi jambo hili. Naona unapiga vizuri mazoezini kwa sababu mazoezini hakuna hali, kuna mipira tu. Mwombe mwenzako, kabla ya kila mpira, ataje hali kwa sauti: "Besi ya kwanza, hakuna auti." "Ya tatu, auti moja, wamesogea mbele." "Ya pili, auti mbili." Wewe ujibu kwa sauti auti usiyoitaka, kisha ndipo arushe. Mipira ishirini inatosha, ukizidisha utaanza kujibu kama kasuku. Usihesabu mipira mizuri. Hesabu makosa, na uyagawe mafungu mawili: kosa lililokwenda upande unaovumilika, na lile lililokwenda kwenye auti uliyoitaja. Siku za mwanzo mafungu yatakaribiana. Ukiona la pili linapungua, umeanza kupiga kulingana na hali, hata kama idadi ya mipira mizuri haijabadilika. Ingiza pia mipira ya kuacha. Mwambie arushe mibaya kwa makusudi bila kukuonya, maana kuacha mpira ni ujuzi, na mazoezini hakuna anayeufanyia kazi kwa kuwa kila mtu amekuja kupiga.

Na unaposimama nje ya boksi siku ya mechi, mambo ya kutazama yawe haya tu, kwa mpangilio huu: auti ngapi, nani yuko wapi kwenye besi, walinzi wa ndani wako mbele au nyuma, wa kumi yuko wapi. Sekunde kumi zinatosha. Kisha sema auti usiyoitaka, kimoyomoyo, halafu ingia. Kocha akikupigia kelele ukiwa ndani, inua mkono utoke kwanza umsikilize, kisha urudi. Usibadilishe mpango gongo likiwa limeinuliwa.

Kuhusu gongo zito: usilinunue kwa sasa. Mipira yako miwili haikukosa nguvu. Ule wa chini ulikuwa na kasi ya kutosha kumfikia shotistopu mapema mno, na ule wa juu ulikwenda wima. Gongo zito lingefanya wa kwanza ufike mapema zaidi, na wa pili upae zaidi kabla ya kudondokea mikono ileile.